Fedha za Kampuni Chuoni: Mambo ya Kufanya na Kutofanya kwa Mwanafunzi wa Kigoma

Kozi ya utangulizi wa fedha za kampuni haimwangushi mwanafunzi asiye na akili. Inamwangusha aliyezoea kukariri. Kila muhula, Kigoma kama kwingineko nchini, vijana wenye vichwa vizuri wanaingia sapu, wengine wanadisko, kwa makosa yaleyale ya wenzao wa mwaka uliotangulia. Hilo lingebaki shauri lao. Wenye madhara ni wale wanaopita kwa kukariri. Haupiti muda, wamekaa kwenye kamati ya mikopo ya SACCOS au ofisi ya kampuni ya samaki, wanapitisha miradi kwa hesabu za uongo. Anayelipa ni mama wa Kibirizi aliyeweka nyumba rehani.

Kozi nzima ina maswali matatu: ni fedha kiasi gani, zinaingia lini, zina hatari gani. Fomula zote unazoziogopa ni watumishi wa maswali hayo. Una akili ya kutosha kuyajibu, kwa hiyo sitakubembeleza. Fanya ninayokuambia ufanye, na acha ninayokuambia uache.

KABLA YA SOMO KUANZA

Fanya

*Rudia uhasibu wa mwaka wa kwanza.* Mizania, taarifa ya mapato, taarifa ya mtiririko wa fedha. Mkufunzi hatarudi nyuma kukufundisha. Usiyejua madeni ya muda mfupi yanakaa wapi hutajua mtaji wa mzunguko ni nini, na wiki ya sita utakuwa unanakili tu.

*Tenganisha faida na fedha tangu siku ya kwanza.* Mfanyabiashara anauza magunia ya dagaa kwa mkopo kwa mnunuzi wa Kalemie. Vitabu vinaonyesha faida mwezi Juni. Fedha zinafika Septemba. Katikati hapo ana faida na hana hela ya mafuta ya boti. Biashara nyingi za mwambao huu zinakufa zikiwa na faida kwenye karatasi.

*Izoee kalkuleta yako.* Jua kupandisha namba kwenye kipeo na kuishusha bila kutafuta kitufe. Anayejifunzia kalkuleta ndani ya chumba cha mtihani amekwisha poteza swali zima.

Usifanye

*Usiishi kwa madesa.* Desa limeandikwa na mtu aliyesikia nusu ya kipindi, likanakiliwa na mwingine aliyeelewa nusu ya nusu. Nimeona kosa moja la alama ya kutoa likirithiwa kutoka darasa hadi darasa. Fungua kitabu. Cha Pandey kipo kwenye maktaba nyingi za Afrika Mashariki. Cha Brealey na Myers kinasomwa duniani tangu 1981. Kimoja kati ya hivyo kinatosha.

*Usichezee bumu.* Mwaka 2021 ada ya 6% ya kulinda thamani iliondolewa kwenye mikopo ya wanafunzi ya Bodi ya Mikopo. Huo ni mkopo wa bei nafuu kuliko wowote utakaoupata maishani, na ukiajiriwa utakatwa 15% ya mshahara mpaka uishe. Kuumalizia kwenye simu mpya, kisha kukopa kwa watu wa mtaani ili ule, ni kushindwa kozi kabla ya kuisoma.

FEDHA NA MUDA

Fanya

*Chora mstari wa muda kabla ya kugusa fomula.* Mwaka sifuri, wa kwanza, wa pili, hadi mwisho. Andika kila fedha kwenye mwaka wake. Kazi hii ni ya dakika mbili, na ndiyo inayotenganisha anayejua na anayebahatisha.

Chukua shamba la michikichi. Mbegu bora ya Tenera, inayozalishwa TARI Kihinga hapa Kigoma, huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi. Sasa weka namba za zoezi: unatoa milioni 10 leo, miaka mitatu hupati kitu, halafu unapata milioni 3 kila mwaka kuanzia mwaka wa nne hadi wa kumi na tatu. Jumla ya mapato ni milioni 30. Mtaani watasema umepata mara tatu. Hesabu kwa kiwango cha 15%: thamani ya leo ya mapato yote hayo ni takriban milioni 9.9. Umepoteza laki moja. Hesabu kwa 10%: yanafikia takriban milioni 13.85, na mradi unalipa vizuri. Mti ni uleule na mawese ni yaleyale. Kilichobadilika ni gharama ya kungoja.

*Jua fomula inakupeleka mwaka gani.* Fomula ya malipo sawa ya kila mwaka inatoa thamani ya mwaka mmoja kabla ya malipo ya kwanza. Malipo yakianza mwaka wa nne, jibu lako liko mwaka wa tatu, kwa hiyo unalirudisha nyuma miaka mitatu. Ukirudisha minne, shamba lilelile linashuka hadi milioni 8.6. Zaidi ya milioni moja imepotea kwa sababu hukuhesabu vidole. Kosa hili nalisahihisha kila mwaka, na kila mwaka halina udhuru.

Usifanye

*Usijumlishe shilingi za miaka tofauti.* Upatu unalijua hili kuliko wewe. Anayepokea mzunguko wa kwanza na anayepokea wa mwisho wamechanga sawa na hawajapata sawa. Akina mama wanagombea namba ya kwanza bila kusoma chuo. Wewe unasoma chuo na unajumlisha 2025 na 2030 kana kwamba ni siku moja.

*Usizidishe riba ya mwezi kwa 12 ukadhani umemaliza.* Mkopo wa kausha damu wa 20% kwa mwezi si 240% kwa mwaka. Riba ikizaa riba, ni takriban 792%. Hata ukomo wa 3.5% kwa mwezi, uliowekwa na Benki Kuu kwa watoa mikopo midogo wa daraja la pili, unafikia 51% kwa mwaka. Kipeo kipo kwenye kalkuleta. Kitumie.

*Usiamini riba iliyoandikwa kwenye tangazo.* Mtu anakopa milioni 12 kwa "18% kwa mwaka", inayohesabiwa juu ya mkopo wote tangu mwanzo hadi mwisho, huku akipunguza deni kila mwezi. Marejesho ni milioni 1.18 kwa mwezi kwa miezi 12. Tafuta riba inayolinganisha marejesho hayo na milioni 12 alizopokea: ni zaidi kidogo ya 2.6% kwa mwezi, yaani karibu 32% kwa mwaka hata kabla ya kuhesabu riba juu ya riba. Mwanafunzi asiyeweza kufanya hesabu hii asijiite mtu wa fedha.

KUCHAGUA MRADI

Fanya

*Hesabu fedha zinazobadilika kwa sababu ya uamuzi, na hizo tu.* Jiulize: tukifanya, nini kinaingia na nini kinatoka? Tusipofanya, je? Tofauti ya hayo mawili ndiyo mradi. Kila kitu kingine ni kelele.

*Weka kalenda halisi ya ziwa.* Mwaka 2024, Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia zilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Bado kuna mbalamwezi kila mwezi, wakati taa hazivuti dagaa na boti zinakaa ufukweni. Halafu mwanafunzi ananiletea andiko la mradi ambamo amechukua mapato ya usiku mmoja mzuri, akazidisha kwa 365. Huyo hajakosea hesabu. Hajui biashara anayoihesabia.

*Weka mtaji wa mzunguko.* Magunia yaliyoko ghalani, fedha zilizoko mikononi mwa wanunuzi, akiba ya mafuta: hizo ni fedha zilizotoka. Zinatoka mwanzoni na zinarudi mwishoni mwa mradi. Ukizisahau mwanzoni, mradi mbaya unaonekana mzuri. Ukizisahau mwishoni, unaukataa mzuri.

*Weka gharama ya kile unachokiacha.* Familia ina kiwanja Ujiji, mnataka kujenga ghala la mawese. "Kiwanja ni chetu, hakina gharama." Kina gharama. Mngekipangisha au kukiuza. Kodi mnayoiacha inaingia kwenye hesabu.

*Tumia kodi ya Tanzania.* Kodi ya mapato ya kampuni ni 30%. Kitabu chako kimeandikwa nje ya nchi na kinatumia kiwango cha huko; badilisha. Uchakavu nao ni wa Sheria ya Kodi ya Mapato. Kilichoandikwa na mhasibu kwenye vitabu vya kampuni hakitumiki hapa. Chombo cha majini kiko daraja la pili, 25% ya salio linalopungua. Boti ya kampuni ya milioni 40 inakupa uchakavu wa milioni 10 mwaka wa kwanza na kuokoa kodi ya milioni 3. Milioni 3 hizo ni fedha taslimu. Mwanafunzi anayetoa uchakavu na kusahau kuurudisha ametupa ziwani milioni 10 nzima.

Usifanye

*Usihesabu fedha zilizokwisha kutumika.* Unaiona meli ya Liemba? Wajerumani waliijenga Papenburg mwaka 1913, wakaileta vipande vipande hadi Kigoma ikiitwa Graf von Goetzen, kisha wakaizamisha wenyewe Julai 1916. Waingereza waliiibua 1924 na kuirudisha kazini 1927. Swali halali la 1924 lilikuwa moja: kuiibua na kuitengeneza kunagharimu kiasi gani kuanzia leo, na itaingiza kiasi gani kuanzia leo? Marki za Mjerumani hazikuwa na kiti kwenye hesabu hiyo. Vivyo hivyo milioni 8 ulizokwisha mwaga kwenye injini mbovu. "Tumeshatumia nyingi, tumalizie" si hoja ya fedha. Ndiyo njia ya kupoteza na zilizobaki.

*Usichague mradi kwa asilimia peke yake.* Mradi mmoja unachukua milioni 1 na kurudisha milioni 1.5 baada ya mwaka: 50%. Mwingine unachukua milioni 20 na kurudisha milioni 26: 30%. Huwezi kufanya yote miwili. Kwa kiwango cha 15%, wa kwanza unakuongezea takriban laki tatu, wa pili milioni 2.6. Watu hawali asilimia. NPV, yaani thamani halisi ya leo, ndiyo inayoamua. IRR, asilimia ya faida ya mradi, inakaa pembeni na kusikiliza.

*Usichague kwa kuangalia fedha zinarudi baada ya miaka mingapi.* Kipimo hicho kinakata kila kinachokuja baada ya tarehe ya mwisho. Kwa kipimo hicho hakuna mtu angepanda mchikichi mmoja mkoa huu.

*Usitoe riba kwenye mtiririko wa fedha kisha ukapunguza kwa gharama ya mtaji.* Riba imo tayari ndani ya kiwango. Umeitoza mara mbili, na mradi halali umeuua kwa mkono wako.

*Usichanganye bei za leo na viwango vyenye mfumuko wa bei.* Kiwango cha 15% kikiwa kimebeba mfumuko wa 3%, kiwango halisi ni takriban 11.65%. Bei za leo zinapunguzwa kwa 11.65%, bei za miaka ijayo kwa 15%. Chagua njia moja, usihame katikati ya ukurasa.

HISA NA HATIFUNGANI

Fanya

*Soma karatasi halisi.* Benki za CRDB na NMB zina matawi hapa mjini na hisa zao ziko Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza kuuza na kununua hisa mwaka 1998. Taarifa zao za mwaka ziko wazi kwa kila mtu. Soma moja mpaka mwisho. Mwanafunzi anayemaliza kozi bila kusoma hata taarifa moja ya kampuni ni msafiri aliyekariri ratiba ya treni na hajafika stesheni.

*Thaminisha hatifungani iliyopo.* Mwaka 2023 CRDB walitoa Hatifungani ya Kijani, ya miaka mitano, riba 10.25%. Walitafuta shilingi bilioni 40. Zikaja zaidi ya bilioni 171. Sasa jiulize: hatifungani kama hiyo, ikiwa mpya na soko likidai 13%, ina thamani gani? Kwa malipo ya mara moja kwa mwaka, kila shilingi 100 za maandishi zina thamani ya 90.3 hivi. Fanya tena kwa malipo ya kila miezi sita. Ukimaliza utaelewa kwa nini bei inashuka riba ya soko ikipanda, na hutahitaji kukariri tena.

Usifanye

*Usichanganye riba iliyoandikwa na faida inayodaiwa na soko.* Ya kwanza inasema utalipwa shilingi ngapi. Ya pili inasema shilingi hizo zina thamani gani leo. Nusu ya darasa inazibadilisha kila mtihani.

*Usidhani bei ya kutolea hisa ni thamani yake.* Vodacom Tanzania ilitoa hisa mwaka 2017 kwa shilingi 850. Baadaye bei ilishuka chini ya hapo. Kila aliyenunua kwa sababu jirani amenunua alilipia kwa hasara somo ambalo wewe unalilipia ada.

*Usikokotoe beta kwa hisa iliyolala.* Beta inapima jinsi hisa inavyosogea pamoja na soko. Ziko hisa kwenye soko letu zinazopitisha siku nyingi bila hata moja kuuzwa. Bei isiyosogea haimaanishi kampuni haina hatari. Inamaanisha hakuna aliyenunua. Ukipata beta ya karibu na sifuri kwa kampuni kama hiyo, usiandike "hatari ndogo". Andika kwamba takwimu hazifai, na ueleze sababu. Hapo unapata alama.

MTAJI NA DENI

Fanya

*Tumia uzito wa soko.* Mtaji wa wenye hisa 60% kwa gharama ya 20%, deni 40% kwa riba ya 15%, kodi 30%. Gharama ya mtaji kwa wastani ni 12 na 4.2, jumla 16.2%. Ukisahau kodi unapata 18%, na miradi mizuri inakataliwa. Uzito wa mizania ni historia; wenye hisa wanadai faida juu ya thamani ya leo.

*Anza na riba ya hatifungani za serikali yetu.* Fedha zikiwa za shilingi, msingi wako ni mnada wa Benki Kuu ya Tanzania. Riba ya dhamana za Marekani inahusu dola.

*Elewa Modigliani na Miller kabla ya kuwakataa.* Mwaka 1958 walionyesha kwamba, pasipo kodi na misukosuko mingine, kugawa deni na hisa hakuongezi thamani ya kampuni. Mwaka 1963 walirekebisha hesabu ya kodi. Anayesema "hawafai Afrika" bila kutaja ni sharti lipi limevunjika hajasema kitu. Taja: kodi, gharama za kufilisika, siri anazojua meneja na mkopeshaji hazijui.

Usifanye

*Usiseme fedha za mwenyewe ni za bure.* "Hatuna deni, kwa hiyo hatuna gharama ya mtaji." Nimeisikia kwa wanafunzi na kwa matajiri wa boti. Mwenye hisa analipwa mwisho, baada ya benki na baada ya TRA. Ndiyo maana anadai zaidi. Mtaji wake ndio wa gharama kubwa kuliko wote.

*Usitumie kiwango kimoja kwa kila mradi.* Duka la vifaa Mwanga na shehena ya saruji inayovuka kwenda Uvira havina hatari moja, hata kama mwenye mali ni mmoja. Kiwango kinafuata mradi.

*Usipunguze dola kwa kiwango cha shilingi.* Wafanyabiashara wa bandari hii wanashika shilingi, dola, faranga za Kongo na za Burundi kwa siku moja, na hawazichanganyi mfukoni. Usizichanganye kwenye karatasi.

*Usilipende deni kwa sababu linaokoa kodi.* Linaokoa kodi ukiwa na faida ya kutozwa kodi. Ziwa likifungwa miezi mitatu, mapato yanasimama na marejesho hayasimami.

CHUMBA CHA MTIHANI

Fanya

*Andika dhana zako, vipimo vyako na uamuzi wako.* "Milioni 2.6" si jibu. "Kampuni ichukue mradi wa pili kwa sababu unaongeza thamani ya shilingi milioni 2.6" ndilo jibu. Meneja halipwi kwa kutaja namba. Analipwa kwa kuamua.

*Fanya swali mpaka mwisho kabla ya kuangalia majibu.* Kukwama nusu saa kunafundisha zaidi ya kusoma majibu kumi yaliyonyooka.

Usifanye

*Usikate desimali mapema.* Beba nne hadi hatua ya mwisho. Makosa madogo yakizidishwa miaka kumi yanakuwa makubwa.

*Usisubiri wiki ya mwisho.* Somo hili halikeshewi. Kila mada imesimama juu ya iliyotangulia.

*Usinunue pepa.* Ukikamatwa unafukuzwa. Usipokamatwa, utakabidhiwa fedha za watu ukiwa hujui kuzihesabu, na hilo ni baya zaidi.

Jumamosi hii chukua daftari uende mwaloni. Muulize mwenye boti ametoa kiasi gani, anapata kiasi gani, miezi ipi hapati kitu, amekopa wapi na anarejesha vipi. Rudi uchore mstari wa muda, uhesabu NPV yake. Ukiweza, mtihani hautakusumbua. Usipoweza, rudi sura ya kwanza, na usiguse mkopo wa mtu yeyote mpaka uweze.